Ndoa yetu ilifungwa yeye akiwa kwenye simu, sasa nataka kumfuata Kanada

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mkazi wa Ujiji, na nina fremu ya vitenge soko la Mwanga hapa Kigoma mjini. Nimesoma majibu yako kwa wengine, nikaona na mimi nikuletee langu maana nyumbani kila mtu ananiambia lake.

Mume wangu ni Mkongomani, asili yake Fizi. Alikulia kambini Nyarugusu na wazazi wake. Mwaka 2015 familia yao ilichukuliwa kwenda Kanada, na sasa wanaishi Winnipeg. Wakati ule alikuwa kijana, hana mke wala mtoto. Baadaye akapata uraia wa huko. Mwaka 2022 alikuja kumsalimia mama yake mdogo ambaye ni jirani yetu, ndipo tukafahamiana. Aliporudi tuliendelea kuzungumza, na mwaka 2023 akatuma wazee kuleta posa. Mahari ikalipwa. Siku ya ndoa ilipokaribia, kazini kwake wakamnyima ruhusa. Wazee wakasema jambo la heri halicheleweshwi. Ndoa ikafungwa nyumbani kwetu. Baba yake mdogo alisimama kama wakili wake na ndiye aliyetamka kukubali. Yeye alikuwa hewani kwenye simu ya kaka yangu, tumeiweka spika juu ya mkeka mbele ya sheikh, anasikia kila kitu. Cheti ninacho. Mwishoni mwa 2024 alikuja, tukaishi pamoja mwezi mzima kama mke na mume.

Sasa tunataka kuanza kuomba viza. Kuna bwana mmoja hapa mjini anajiita ajenti. Anataka milioni nne. Nimeshampa laki tano ya kuanzia, na pasipoti yangu anayo yeye. Alipokiona cheti na kusikia habari ya simu alisema, "Hilo dogo, tutaandika bwana harusi alikuwepo, na picha zitatengenezwa." Nilinyamaza, lakini tangu siku hiyo sina amani.

Jambo la pili ni binti yangu. Ana miaka saba, nilimzaa kabla sijaolewa. Baba yake yupo Uvinza na hatoi matumizi. Mume wangu anampenda mtoto. Lakini wifi yangu aliyeko Winnipeg ameniambia nisimwandike kwenye fomu, kwamba mtoto ataichelewesha kesi, niende kwanza mwenyewe halafu nimwite baadaye.

Rafiki yangu naye ana dada Marekani aliyefunga ndoa kwa simu kama mimi, na alipata viza. Anasema nina hofu bure.

Shangazi, naomba uniambie ukweli. Ndoa yangu ina tatizo? Nimwandike mtoto au nimwache? Na huyu ajenti nimfanyeje? Halafu kuna mtu anaitaka fremu yangu kwa kilemba kizuri, yaani fedha ya kuachiwa, anataka jibu mwezi huu. Nimwachie?

Mama Binti, Ujiji

MAJIBU

Marahaba mwanangu. Kunyamaza kwako mbele ya huyo bwana kumekusaidia, maana hukukubali. Sasa kabla ya yote, kachukue pasipoti yako.

Nenda na kaka yako, mchana, ofisini kwake. Pasipoti ya Tanzania ni mali ya Serikali ya Jamhuri ya Muungano, wewe ndiye uliyekabidhiwa, na mtu binafsi hana haki ya kuishikilia kama rehani. Kwenye hatua ya kuanza maombi Kanada inataka nakala tu iliyopakiwa mtandaoni, pasipoti yenyewe huitwa mwishoni kabisa. Hana kazi nayo. Akileta maneno, nenda polisi siku hiyohiyo, na uwe na ujumbe wa muamala ulioonyesha laki tano imeingia kwake. Fedha idai kwa maandishi. Ikirudi ni heri, isiporudi usimwongezee hata shilingi kwa matumaini ya kuiokoa ile ya kwanza.

Nakwambia hivi kwa ukali kwa sababu alichokipendekeza kinaweza kukufungia njia. Sheria ya uhamiaji ya Kanada inamzuia mtu aliyetoa maelezo ya uongo, au aliyeficha jambo la msingi, kuingia nchini humo kwa miaka mitano. Ndani ya miaka hiyo hata ombi jipya la ukaazi wa kudumu hawezi kulileta. Haijalishi kwamba uongo aliuandika ajenti. Sahihi ni yako, na jibu litakuja kwa jina lako. Na uongo wenyewe ungekamatwa kirahisi: mihuri ya kuingia nchini iko kwenye pasipoti ya mume wako, na mwezi mliofunga ndoa hakuna muhuri wa Tanzania. Afisa anayeshughulikia ndoa kila siku anaanzia hapohapo.

Wala msifikiri lazima mpate mtu wa kulipwa. Fomu zote ni za bure na mwongozo uko kwenye tovuti ya serikali yao. Ndugu au rafiki anaweza kuwasaidia bila malipo, mkajaza fomu ya kumtambulisha kama mwakilishi. Ila mtu akitaka ujira wa kuwashauri au kuwawakilisha, Kanada inatambua wanasheria wenye leseni ya huko, manotari wa jimbo la Quebec, na washauri waliosajiliwa na Chuo cha Washauri wa Uhamiaji na Uraia cha nchi hiyo, ambacho ndicho chombo kinachowasimamia. Majina ya washauri yako kwenye daftari la wazi mtandaoni, mume wako anaweza kulitafuta jina dakika hiyohiyo anapoongea na mtu. Ajenti wako mwambie akupe namba yake ya usajili. Utaona atakavyojibu.

Sasa ndoa.

Mbele ya Mungu na mbele ya wazee wako, sina la kusema juu ya ndoa yako. Ilikuwa na walii, mashahidi, mahari na wakili wa bwana harusi, na hapa Ujiji watu wengi wameolewa hivyo na wakaishi vizuri. Usikubali mtu akakuambia wewe si mke wa mtu. Tatizo liko kwenye kanuni moja ya Kanada iliyoanza tarehe 11 Juni 2015. Tangu siku hiyo hawaipokei, kwa ajili ya kumleta mwenza, ndoa ambayo mmoja wa maharusi hakuwepo mwenyewe pale ilipofungwa. Iwe kwa wakili, kwa simu, kwa faksi au kwa intaneti, zote zimewekwa kapu moja. Wamewaachia wanajeshi wao tu walio kazini nje.

Rafiki yako hakukudanganya kuhusu dada yake, ila ile ni nchi nyingine na sheria nyingine. Marekani nao hawaitambui ndoa ya namna hiyo mpaka wahusika wawe wamekutana kimwili baada ya kufungwa. Wakishakutana, inatambulika. Kwa hiyo mwezi ule mliokaa pamoja ungewafaa sana kama mume wako angekuwa anaishi Marekani. Kanada haina mlango huo. Mngekaa hata miezi sita baada ya ile ndoa, bado wangeiita ndoa ya asiyekuwepo. Wapo watu wengi wa Kigoma wanaochanganya mambo haya kwa sababu ndugu zao wa Nyarugusu na Mtendeli walitawanyika nchi nyingi, na kila aliyefika anasimulia ya kwake kama ndiyo ya wote.

Dawa yake ipo, na si ngumu: mfunge ndoa tena wote wawili mkiwepo. Mume wako aje Kigoma, au mkutane nchi nyingine ambako mnaweza kuoana kisheria, msimame mbele ya mfungishaji, mtie sahihi wenyewe. Ombi lenu litasimama juu ya ndoa hiyo ya pili. Na ile ya kwanza msiifiche. Kwenye maelezo yenu mtaandika wazi kwamba mwaka 2023 mlifunga ndoa ya Kiislamu kwa wakili, kwamba familia zote mbili zinawajua kama mume na mke tangu hapo, na kwamba mlipofahamu kanuni mkafunga tena mkiwa pamoja. Simulizi hiyo haiwadhuru. Tena inaonyesha uhusiano wenu una umri, haukuzaliwa jana kwa ajili ya viza.

Kama unaona uzito wa kurudia akdi, kaa na sheikh aliyewafungisha, umweleze sababu, akuongoze. Wengi huona wepesi kwenda bomani. Ndoa ya kiserikali kwa mkuu wa wilaya haiondoi ile ya dini, na cheti chake ni rahisi kusomeka kwa afisa wa mbali. Mkichagua kurudi kwa sheikh, hakikisheni ana leseni ya serikali ya kufungisha ndoa na kwamba mtapata cheti kinachotambuliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Cheti cha karatasi ya msikiti peke yake kitawaletea maswali.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyajua wakiwa wameshachelewa.

La kwanza ni siku 21. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe kwa msajili angalau siku 21 kabla. Mume wako akipata likizo ya wiki tatu, akatua Dar, akapanda ndege au treni kuja Kigoma, halafu ndipo mwende bomani kuuliza, likizo itaisha tangazo bado liko ukutani. Wewe nenda sasa hivi, kabla hajakata tiketi. Muulize msajili taarifa inawasilishwaje wakati mmoja yuko nje, na yeye kama raia wa kigeni alete karatasi gani. Mara nyingi mgeni hutakiwa kuthibitisha kwamba hana kizuizi cha kuoa, na serikali ya Kanada hutoa tamko maalumu kwa kazi hiyo, ambalo yeye aliombe akiwa bado huko.

La pili ni aina ya ndoa. Kwa sheria yetu ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa ya wake wengi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama mume ana mke mmoja tu. Kanada haitambui ndoa ya mitala. Mkifunga bomani, chagueni ndoa ya mke mmoja na muone imeandikwa hivyo kwenye cheti. Mkifunga kwa sheikh, sheria hiyohiyo ya 1971 inawaruhusu mume na mke kuibadili ndoa yao iwe ya mke mmoja kwa tamko la maandishi mbele ya hakimu wa wilaya, hakimu mkazi au jaji, kila mmoja akisema amekubali kwa hiari yake. Zungumzeni hili mapema, mwanangu, kabla ya kufika mbele ya hakimu. Ni ahadi nzito na mume wako aitoe akiwa anaimaanisha.

Nakuja kwa binti yako, na hapa naomba usome polepole, ikibidi mara mbili.

Mwandike.

Wifi yako amekushauri kwa nia njema na ushauri wake ungekupotezea mtoto. Kanuni za Kanada zinasema hivi: mwanafamilia ambaye hakutajwa na hakuchunguzwa wakati mhamiaji anapewa ukaazi wa kudumu, anatolewa kwenye kundi la watu ambao mhamiaji huyo anaweza kuwaombea baadaye kwa njia ya familia. Sababu ya kumwacha hawaiulizi. Wakimbizi wengi waliotoka kambini miaka ya nyuma wameumia kwa jambo hili. Waliambiwa faili lenye watoto wengi litakwama, wakaacha jina moja, na walipofika ndipo wakaelezwa kwamba yule waliyemwacha hawezi kufuata kwa utaratibu wa kawaida. Serikali iliweka sera ya muda ya kuwasaidia baadhi yao kuanzia Septemba 2019, lakini hiyo ni huruma ya muda yenye masharti, huwezi kumwekea mtoto wa miaka saba maisha yake humo. Na kumficha mtoto ni maelezo ya uongo pia, tunarudi kwenye ile miaka mitano.

Hata kama mngeamua abaki na bibi yake mwaka wa kwanza, bado anaandikwa na bado anapimwa afya. Anawekwa kama mtegemezi asiyeandamana na wewe. Hapo haki ya kumwombea baadaye inabaki. Ila mimi nakushauri aende na wewe. Mtoto aliye chini ya miaka 22 na hajaolewa anahesabiwa mtegemezi wako, na mume wako anaweza kuwadhamini nyote wawili kwenye ombi moja.

Kitakachokuchukua muda ni baba yake. Kanada inataka mzazi anayebaki aridhie kwa maandishi mtoto kuhama, na wana fomu yao ya tamko la mzazi asiyeandamana, inayotiwa sahihi mbele ya ofisa anayeruhusiwa, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Kwamba hatoi matumizi hakumfuti. Usiende Uvinza peke yako, wala usiende na lawama za miaka saba. Tuma wazee, wamweleze kwamba mtoto anapata nafasi ya shule na matibabu, na kwamba wewe hutamdai chochote kwa kutia sahihi. Naelewa inauma kumbembeleza mtu ambaye hajanunua hata daftari. Fanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Akikataa kabisa, au akianza kutaka alipwe, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa mahakama ya watoto uwezo wa kuamua mtoto akae na nani, na amri ya mahakama inayokupa malezi ina nguvu kubwa kwenye faili lako. Anza hili sasa, maana shauri la malezi halina haraka ya viza.

Mtoto atahitaji cheti cha kuzaliwa cha RITA na pasipoti yake. Sisi wa mkoa wa mpakani tunajua Uhamiaji huuliza mpaka babu alizaliwa kijiji gani, na kwa Muha hilo si jipya. Uwe na cheti chako cha kuzaliwa, namba yako ya NIDA, na nyaraka za wazazi wako tayari. Halafu kaa chini usiku mmoja, uviweke vyeti vyote mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwajuma na NIDA imeandika Mwanjuma, kama tarehe zinapishana siku moja, rekebisha kabla ya kutuma, au uape kiapo cha majina mbele ya wakili wa sheria. Nimeona faili zuri likirudishwa kwa herufi moja.

Karatasi zilizoandikwa Kiswahili zitafsiriwe Kiingereza au Kifaransa na mfasiri anayekubalika, akithibitisha kwa maandishi. Kaka yako hata akiwa mwalimu wa Kiingereza haruhusiwi, na mume wako vilevile, maana ndugu hawafasiri faili la ndugu.

Utahitaji pia cheti cha tabia njema cha polisi, na kama umewahi kuishi nchi nyingine miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita ukiwa umeshatimiza miaka 18, cheti cha nchi hiyo pia. Wafanyabiashara wetu wa vitenge wanaokaa Bujumbura au Kalemie miezi mingi walizingatie hilo. Alama za vidole utatoa kituo cha maombi ya viza kilichopo Dar es Salaam. Mtoto wa miaka saba hatoi, wanaanzia 14. Afya mtapimwa nyote wawili na daktari aliyeteuliwa na Kanada, si daktari yeyote, na subirini mpaka muitwe ndipo mkapime.

Fedha nitaipita haraka kwa kuwa mlipaji ni mume wako, kwa kadi yake, mtandaoni. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2024, kumdhamini mwenza kulikuwa dola 1,205 za Kanada, ukijumlisha ada ya udhamini 85, uchakataji 545 na haki ya ukaazi wa kudumu 575. Vidole vilikuwa 85 nyingine, na mtoto ana ada yake. Ada hizi hupanda mara kwa mara, aangalie kiwango cha siku anayolipa. Ile ada ya haki ya ukaazi wa kudumu hurudishwa ombi likikataliwa. Hakuna hata senti inayolipwa kwa mtu mwenye ofisi Kigoma. Na tofauti na nchi nyingine, kwa kumwombea mke Kanada kwa kawaida haina kima cha chini cha kipato; Quebec wana utaratibu wao. Ila mume wako asiwe anaishi kwa fedha za msaada wa serikali, labda kama ni kwa sababu ya ulemavu.

Atatia sahihi ahadi ya kukutunza miaka mitatu tangu upate ukaazi, na mtoto kwa miaka kumi au mpaka afikishe 25, lolote litakalotangulia. Ahadi hiyo haifutiki hata mkiachana. Na jambo hili nalisema kwa kila binti anayeniandikia: tangu Aprili 2017 Kanada imeondoa lile sharti la mke aliyedhaminiwa kuishi na mume miaka miwili ili asipokonywe ukaazi. Ukifika, ukaazi ni wako. Simtilii shaka mume wako, lakini mwanamke anayevuka bahari na mtoto ajue haki yake akiwa bado kwao. Ukaazi wa kudumu haukuvui uraia wa Tanzania pia. Kuchukua uraia wao ndiko kutakakokufanya upoteze wa kwetu, na hiyo ni hesabu ya baadaye.

Kitakachosomwa kwa makini kuliko vyote ni ushahidi kwamba ndoa yenu ni ya kweli. Fomu yenyewe, IMM 5532, itauliza mlikutanaje, nani aliwatambulisha, nani alihudhuria ndoa, mara ngapi mmeonana, familia zinasemaje. Kuunganishwa na wazazi si kosa, andikeni ilivyokuwa: mama mdogo jirani, posa, mahari, kaka na simu yake. Picha ya ile simu juu ya mkeka, kama ipo, iwekeni. Ongezeni risiti za fedha anazotuma na tiketi za safari zake mbili. Chagueni kurasa chache za mazungumzo ya WhatsApp kutoka kila kipindi tangu 2022, zitafsiriwe, badala ya kuwamwagia mafurushi yasiyosomeka. Kila mmoja aandike majibu yake mwenyewe, halafu mlinganishe tarehe. Mkitofautiana siku ya posa, ulizeni wazee.

Ombi linapakiwa kwenye tovuti yao ya ukaazi wa kudumu. Muda wa kusubiri hutangazwa hapohapo na hubadilika, kwa hiyo mtu akikutajia miezi mitatu ya uhakika anauza maneno. Jambo lolote likibadilika katikati, waarifuni. Nakutajia ujauzito kwa sababu mume wako anakuja: mtoto atakayezaliwa kabla hujasafiri lazima ofisi ijue. Na kwa vile baba ni raia aliyeupata uraia huo huko Kanada kabla mtoto hajazaliwa, mtoto huyo atakuwa raia wa Kanada kwa kuzaliwa, mtamwombea cheti cha uraia na si viza.

Kumwambia mume wako, usimwambie kwa kipande cha ujumbe kati ya wateja. Mpigie usiku mkiwa mmetulia, umsomee hiyo kanuni ya 2015, umpe na tovuti akaisome mwenyewe kwa lugha ya huko. Atasikitika, huenda atajilaumu kwa ile ruhusa aliyonyimwa. Mwache asikitike kidogo, kisha muulize likizo yake ijayo ni lini.

Na fremu usiiachie. Kati ya leo na viza kuna ndoa ya bomani, sahihi ya baba mtoto, vyeti, na kusubiri kusikojulikana mwisho, na muda wote huo mtoto anakula na ada inadaiwa. Fremu ya Mwanga ukiitoa kwa kilemba leo, kuipata tena ni kazi. Mfundishe mdogo wako bei na wateja wa jumla taratibu. Huyo anayeitaka mwambie kwa heshima kwamba haiuzwi mwezi huu, na utamtafuta mwenyewe siku utakapokuwa na pasipoti mbili mkononi, yako na ya binti yako, zote zikiwa na viza ndani.